Kutembea Usambara Magharibi kwa Miguu: Lushoto hadi Mtae kwa Siku Tatu

Mtu wa kwanza niliyemwambia kwamba nakwenda Lushoto ili nitembee kwa miguu hadi Mtae aliniuliza, "Kwani gari limeharibika?" Wengi wetu tumekua tukitembea kwa sababu hakuna nauli, kwa hiyo kulipa nauli ili ukatembee kunaonekana kama kichekesho. Nimeshakwenda mara kadhaa tangu hapo, na aliyeuliza swali lile naye amekwenda mara mbili.

Kitu kimoja kieleweke mwanzoni, maana wengi huanza na orodha ya vifaa. Usambara, milima ya mkoa wa Tanga nchini Tanzania, si Kilimanjaro. Hakuna kilele kimoja ambacho ukikifika umemaliza, na hakuna kambi za mahema zilizopangwa njiani. Huku juu wanaishi watu, na wengi. Kijia unachopita ni njia ya mama anayepeleka kabichi sokoni na ya mtoto anayewahi kengele ya shule. Kwa hiyo utakavyofanikiwa inategemea mambo mawili yasiyouzwa dukani: kuondoka mapema, na kusalimia watu.

Fahamu kwanza unakwenda Usambara ipi

Kuna mbili, na kuna watu walioshuka kwenye basi wakiwa upande usio wao. Usambara Mashariki iko juu ya Muheza. Ni ya chini zaidi, ina joto na unyevu, ina mashamba ya chai, na ndiko iliko Amani yenye bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Usambara Magharibi, ninayoielekeza hapa, unaipanda kutoka Mombo kwenye barabara kuu ya kwenda Same na Moshi. Ni ya juu zaidi, ina baridi, na baadhi ya vilele vyake vinapita mita 2,200. Kati ya hizo mbili limepita bonde la Lwengera.

Zote ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, mnyororo unaoanzia Taita nchini Kenya ukateremka hadi Udzungwa na Mahenge. Upepo wa Bahari ya Hindi unaileta mvua hapa mwaka hadi mwaka, na misitu hii imekaa muda mrefu sana ikiwa imetenganishwa na misitu mingine kwa nyika kavu. Ndiyo maana ina viumbe na mimea ambayo huipati kwingine porini. Ile Saintpaulia inayouzwa katika vyungu vidogo Ulaya nzima, yenye maua ya zambarau, asili yake ni huku. Inabeba jina la Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani aliyepeleka mimea hiyo kwao, na ilipewa jina la kitaalamu mwaka 1893. Wenyeji, bila shaka, walikuwa wakipita kando yake kila siku.

Chagua mwezi, kisha uheshimu uchaguzi wako

Masika, kuanzia Machi hadi Mei, usiende. Udongo wa huku ni mwekundu na wa mfinyanzi. Ukilowa unakuwa sabuni, na barabara hukatwa na maporomoko. Vuli ya Oktoba hadi Desemba inavumilika ukikubali kulowa mchana. Juni hadi Agosti kuna baridi na ukungu: usiku joto huweza kukaribia nyuzi 10, na unaweza kufika kwenye ukingo maarufu ukaona weupe mtupu. Mimi napenda Septemba, na napenda zaidi Januari na Februari, hewa inapokuwa safi na mbali kunaonekana.

Kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi sita hivi. Mombo utashuka ukitoka jasho, na Lushoto, iliyo karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, jioni hiyo hiyo utatafuta sweta. Usiliweke chini kabisa ya begi.

Wiki tatu kabla: miguu kwanza, begi baadaye

Huhitaji kuwa mwanamichezo. Unahitaji magoti yaliyozoea kuteremka, maana watu huogopa kupanda lakini wanaoumia huumia wakati wa kushuka. Tafuta ngazi za jengo la ghorofa kadhaa, panda na ushuke kwa nusu saa mara tatu kwa wiki ukiwa na viatu utakavyovaa safarini na begi lenye uzito kidogo.

Viatu vipya ni adui. Chochote utakachovaa, kiwe kimetembea walau kilomita 40 nyumbani. Buti za gharama si lazima. Raba zenye meno mazuri chini zinatosha kabisa wakati wa kiangazi. Kata kucha za vidole vya miguu siku mbili kabla ya kuondoka. Jambo dogo, lakini kwenye mteremko mrefu kucha ndefu inagonga ncha ya kiatu hatua kwa hatua mpaka inakuwa nyeusi. Na ukihisi joto mahali pamoja kwenye kisigino, simama hapo hapo ubandike plasta. Lengelenge huanza kama joto, na ukisema "nitabandika tukifika" umeshachelewa.

Begi

Lisipite kilo nane. Unalala katika nyumba za wageni, hubebi hema wala sufuria. Kwangu huwa na koti la mvua la kweli (mwavuli kwenye ukingo wenye upepo ni mzaha), sweta, suruali mbili, jozi tatu za soksi, kofia, tochi ya kichwani, maji lita mbili, filimbi, plasta na dawa ya kusafishia vidonda, chumvi ya kuongeza maji mwilini, betri ya kuchajia simu, na fedha taslimu katika noti ndogo ndogo. Mtandao wa simu hupotea mabondeni, na mama anayekuuzia ndizi za elfu moja hana chenji ya elfu kumi.

Nguo za kulalia zifunge ndani ya kitu kisichopitisha maji. Zamani tulitumia mifuko ya rambo. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini, basi tumia mfuko wa turubai jepesi au gunia la nailoni lililoshonwa.

Fimbo usinunue. Utakatiwa huko kwa hisani, na itakuwa na urefu wako hasa.

Kufika: Mombo hadi Lushoto

Kuna mabasi ya moja kwa moja hadi Lushoto kutoka Dar es Salaam, Tanga na Arusha. Ukipata linaloishia njia kuu, shuka Mombo upande gari dogo. Kutoka hapo ni kilomita zaidi ya 30 za lami nyembamba, kona juu ya kona, mwamba upande mmoja na bonde upande wa pili. Mwenye kichefuchefu akae mbele na asisome simu. Katikati ya safari utapita Soni yenye maporomoko ya maji, na milima ya jirani ndiko iliko Vuga, makao ya zamani ya Wakilindi, ukoo uliowatawala Wasambaa. Masimulizi yanasema mwanzilishi wao, Mbegha, alikuwa mwindaji aliyetoka Nguu baada ya kukataliwa na ndugu zake kwa kuwa kigego, aliyeota meno ya juu kwanza. Alipokelewa huku kwa sababu alijua kuua nguruwe waliokuwa wakimaliza mashamba, na akagawa nyama. Mwombe mzee yeyote wa Kisambaa akusimulie. Kila mmoja ana yake.

Lala Lushoto usiku wa kwanza. Usijaribu kufika mchana na kuanza kutembea siku hiyo hiyo.

Mwongozaji na kibali

Je, Mtanzania anahitaji mwongozaji? Ndani ya msitu wa Magamba, ndiyo, bila ubishi. Ni hifadhi ya mazingira asilia iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, ina zaidi ya hekta 9,000, na kuna kiingilio. Lipa ofisini kwao kwa namba ya malipo ya serikali na uchukue risiti. Usimpe mtu fedha mkononi njiani hata awe na sare.

Nje ya msitu, jibu langu bado ni ndiyo. Utapotea mara chache kuliko unavyodhani, kwa kuwa kila baada ya dakika kumi kuna mtu wa kumuuliza. Ila vijia vya shambani hugawanyika kila hatua mia, na ukichukua cha kushoto unaweza kuteremka bonde zima kabla hujagundua, halafu ulipande tena. Mwongozaji pia anajua mwenye nyumba ya wageni Lukozi, kijiji cha kulala siku ya kwanza, anayejaza maji ya moto kwenye ndoo kabla hujaomba.

Lushoto kuna vikundi vya waongozaji wenye ofisi mjini. Nenda ofisini kwao, omba kuona kitambulisho, na mwandikiane kabla hamjaondoka: njia mtakayopita, siku ngapi, nani analipia chakula na malazi yake, na nauli yake ya kurudi. Hilo la mwisho husahaulika, na ndilo huleta manung'uniko Mtae. Mtu anayekuvamia stendi akisema ofisi imefungwa leo, mshukuru, kisha nenda ukaione mwenyewe.

Jinsi ya kukadiria saa

Mwaka 1892 mpanda milima wa Scotland, William Naismith, aliandika kanuni inayotumika hadi leo: saa moja kwa kila kilomita tano, na uongeze saa moja kwa kila mita 600 unazopanda. Kilomita 15 zenye mpando wa mita 600 ni saa nne. Ila Naismith hakusimama kusalimia. Kwa Usambara mimi naongeza nusu yake: saa nne zinakuwa sita. Salamu, chai, picha, utelezi, na yule mzee atakayetaka kujua baba yako ni nani, vyote vimo humo.

Giza huku huingia kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni, na ndani ya msitu mapema zaidi. Hesabu ukirudi nyuma kutoka saa kumi jioni, siyo kutoka jua kutua. Ukitaka kufika saa kumi na safari ni ya saa nane, basi saa mbili asubuhi uwe tayari njiani, siyo kwenye foleni ya chapati.

Niliwahi kuidharau hesabu hii. Tuliondoka Rangwi, kituo cha mwisho cha kulala kabla ya Mtae, saa nne na nusu kwa sababu supu ilikuwa tamu na hadithi zilinoga. Mvua ilitukuta saa nane, utelezi ukatuchukulia saa mbili, na tuliingia Mtae usiku tukiongozwa na tochi moja kati ya watu wanne. Hakuna aliyeumia, ila sikuona chochote cha ile njia, na ndiyo nzuri kuliko zote.

Siku ya kuamkia: Irente

Kabla ya safari yenyewe, tumia nusu siku kwenda ukingo wa Irente, kilomita kama sita kutoka mjini. Ni jaribio la viatu na begi. Njia inapita kwenye makazi na mashamba, kisha ghafla mlima unaisha na chini yako kuna Mazinde, barabara kuu, na nyika inayokwenda mpaka macho yachoke. Magari yanaonekana kama siafu. Kaa mbali na ncha; mwamba una changarawe, na kupiga picha huku unarudi nyuma ni ujinga uliozoeleka. Ukirudi, pitia shamba la Irente wanakouza jibini na mkate. Kama kisigino kimeanza kuwaka, bado una usiku mmoja wa kubadili viatu.

Siku ya kwanza: Magamba hadi Lukozi

Anza mapema kupanda kuelekea Magamba. Anayetaka kuokoa nguvu achukue bodaboda mpaka lango la msitu; sioni aibu yoyote, kile kipande ni barabara tu.

Ndani ya msitu punguza mwendo na sauti. Mbega, weusi wenye mabega meupe, husikika kabla ya kuonekana: mngurumo mzito wa kukoroma, hasa alfajiri. Tazama juu kwenye matawi, tafuta mkia mweupe unaoning'inia. Mkulo na podo ni miti mikubwa utakayoonyeshwa, na kuna handaki lililoachwa na Wajerumani wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Vinyonga ni shida kuwaona mchana. Usiku wakimulikwa na tochi huonekana weupe dhidi ya majani. Dume wa aina moja ya hapa ana pembe tatu usoni. Najua wengi wetu tulilelewa kumwogopa kinyonga. Mwogope ukipenda, lakini usimshike wala usimpige.

Mstari wa siafu ukikatiza njia, mwambie kila mtu nyuma yako, ingiza suruali ndani ya soksi, ruka, na usisimame hatua kumi za mbele. Kusimama papo hapo kuangalia kama wamekupanda ndiko huwapa nafasi.

Ukitoka upande wa pili utapokelewa na mikaratusi, misonobari ya kupandwa, kisha matuta ya mboga. Mabadiliko hayo ya ghafla yana historia. Huko Shume, Wajerumani walivuna mierezi na kujenga njia ya kamba ya chuma ya kushushia mbao hadi Mkumbara, karibu na reli. Leo maeneo yale ni mashamba na misitu ya kupandwa. Lukozi ni kijiji cha biashara ya mboga: malori, magunia, karoti zikioshwa. Kuleni makande ya moto na mlale mapema.

Siku ya pili: Lukozi hadi Rangwi

Hii ni siku fupi, na ndiyo maana watu huiharibu kwa kuamka saa tatu. Itumieni polepole. Njia inapanda na kushuka kati ya mashamba yaliyokatwa matuta kwenye miteremko mikali; tembea juu ya kijia, siyo juu ya tuta, kwani ukingo wa tuta ukivunjika mvua ijayo huondoka na udongo wa mtu. Ukikuta matunda, plamu au fyulisi, omba ununue. Yaliyoanguka nayo yana mwenyewe.

Salamu ndiyo pasi yako. "Shikamoo" kwa mkubwa kabla ya neno lingine lolote, halafu usiikate: waulize za shamba, za nyumbani. Mwombe mwongozaji akufundishe salamu za Kisambaa tangu siku ya kwanza. Hubadilika kufuatana na wakati wa siku, na ukizikosea watu watacheka kwa upendo na mazungumzo yataanza. "Mwatoka wapi, wageni?" utaulizwa. Kusema "tunatembea tu" hakutoshi, inasikika kama unaficha jambo. Sema ulipolala na unakokwenda kulala. Taarifa hizo pia ni usalama wako: ukichelewa, kijiji kizima kinajua ulipita saa ngapi.

Picha, uliza kwanza. Watoto wakiomba peremende, msiwape. Wapeni salamu na jina.

Maji ya kijito yasikudanganye kwa ubaridi wake. Juu yake kuna mashamba yenye mbolea na dawa, na kuchemsha kunaua vijidudu tu, dawa hakuiondoi. Jazeni chupa kwenye nyumba mnazolala.

Rangwi kuna nyumba ya masista wanaopokea wageni. Pigeni simu kabla, fuateni saa zao za chakula, na msipige kelele usiku.

Siku ya tatu: Rangwi hadi Mtae

Saa moja na nusu asubuhi uwe njiani. Hii ndiyo siku ndefu, na kadiri unavyokaribia mwisho, safu ya mlima inakuwa nyembamba mpaka inakuwa kama mgongo wa ng'ombe aliyekonda, pande zote mbili kukiwa wazi.

Hali tatu za kuziangalia. Ukungu ukishuka hadi humuoni mtu wa mbele, kaeni pamoja na msubiri. Mara nyingi hupanda tena baada ya muda. Mkisikia radi, shukeni kutoka kwenye mgongo wa mlima na muache mti ulio peke yake. Na mtu akiteguka kifundo, asivue kiatu mpaka mfike: mguu utavimba na kiatu hakitaingia tena. Mfungeni kwa nje, mpeni fimbo mbili, na mwongozaji aite bodaboda ifike pale barabara inapokaribia. Namba ya dharura nchini ni 112.

Mtae imekaa kwenye ncha ya mlima. Chini kaskazini ni tambarare ya Mkomazi, ng'ambo ni Kenya, upande wa magharibi milima ya Upare, na hewa ikiwa safi sana Kilimanjaro hujitokeza, alfajiri au jua likizama. Usiondoke ukingoni mara tu jua linapotua. Baki dakika ishirini. Tambarare huanza kuwasha taa moja moja.

Kurudi

Mabasi ya kutoka Mtae huondoka usiku ukielekea alfajiri, na ukikosa unaweza kukaa siku nzima. Jioni hiyo hiyo muone kondakta, mweleze unakolala, uulize saa kamili, kisha waulize watu wengine wawili. Lipa gesti kabla ya kulala. Viatu viwe mlangoni, tochi mfukoni, begi limeshafungwa. Kondakta wa mara yangu ya mwisho alikuja kugonga dirishani mwenyewe, akasema, "Mgeni, gari lishawaka," na aliposema hivyo lilikuwa limeshaanza kutembea.